Mchezo Uliokuwa Unakuja

Jina lake nalijua, lakini sikumbuki siku niliyolitumia. Mtaa mzima wa Mji Mpya ulimwita Sekretari. Watoto waliotumwa kwake kutoa fotokopi walimsalimia "Shikamoo Sekretari" kana kwamba ndilo jina alilobatizwa. Mwenyewe alipendelea aitwe Katibu Muhtasi, maana ndivyo vyeti vyake vilivyosema, lakini hiyo ilikuwa vita aliyoshindwa zamani, na alikuwa amekubali kushindwa kwa tabasamu. Hata kiwanda alichokuwa akikiandikia barua kilipofungwa, na bosi wake akarudi kwao, yeye alibaki Sekretari, sekretari wa mtaa asiye na bosi.

Nikimkumbuka, simwoni akitembea. Namwona ameketi, saa za alasiri, mgongo ameupa barabara na uso ameupa kompyuta, khanga mabegani kwa sababu aliliogopa pangaboi lake mwenyewe. Dirisha la kushoto kwake lilitazama milima ya Uluguru, na saa hizo mawingu huwa yanashuka taratibu mpaka yanafunika misitu ya juu, halafu yanatulia hapo kama watu waliofika walikokuwa wakienda. Ndani ya chumba kile ulisikia mvumo wa kompyuta na wa pangaboi tu. Mtu aliyeingia kutoka juani alijikuta anapunguza sauti bila kuambiwa, kama aingiaye kanisani siku isiyo ya Misa.

Nilimfahamu kwa sababu ya mitihani. Nilikuwa mwalimu wa Jiografia, nimehamishiwa Morogoro na mke wangu Rehema, na shule yetu haikuwa na mashine ya kuchapia. Zama zile kila kitu kilikuwa kinafunguliwa isipokuwa viwanda, ambavyo vilikuwa vinafungwa. Mitumba ilijaa sokoni, redio za watu binafsi ziliongea mchana kutwa, na kila aliyepunguzwa kazini alikuwa anafungua kitu: genge, saluni, mashine ya kukoboa. Sekretari alifungua chumba cha kuchapa. Alianza na taipureta, halafu akapata kompyuta iliyokwisha kutumiwa katika ofisi ya mradi mmoja wa wafadhili.

Siku ya kwanza nilipoingia na mtihani wangu ulioandikwa kwa mkono, hakugeuka. Aliinua kidole kimoja.

"Nisubiri kidogo, Mwalimu. Watu wangu hawana barabara."

Nikatazama huku na huku. Chumbani hapakuwa na mtu mwingine. Nikasogea, nikaona kwenye kioo mji mdogo wa rangi ya kijani na kijivu, vinyumba kama punje za mchele, na vinukta vilivyokuwa vikisogea. Sekretari alikuwa akivitafutia njia ya kwenda kisimani. Alikishika kipanya kama mtu aliyeshika kifaranga, akichelea kukiumiza. Alipomaliza alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akapokea karatasi zangu na kuzichapa upesi na kwa usafi ambao sikuwahi kuuona tena. Hakusema neno juu ya ule mji, na mimi sikuuliza. Lakini nilipokuwa natoka aliniambia, "Ukipita tena kesho, utakuta wana soko."

Nilipita. Walikuwa na soko.

Mtu asidhani alikuwa mvivu au mtu wa kupoteza wakati. Alikwenda Misa kila asubuhi kabla ya kufungua. Hakumkosea mteja herufi. Alikuwa na msimamo mkali kwamba hachezi mteja akiwa anasubiri, ingawa mimi nilisubiri mara nyingi naye akicheza. Kipindi cha Kwaresima aliufunga mchezo kabisa, hagusi, na ndicho kipindi alichouzungumzia kuliko wakati wowote wa mwaka. Ukienda na barua ya kuomba kazi, ungeondoka na barua yako pamoja na habari za mji ambao hukuuona. "Sasa hivi wamelala," alikuwa akisema. "Nimewaacha wamelala mpaka Pasaka."

Alikuwa mtu wa Mgeta, wa huko juu kabisa ambako njia za miguu zinapanda kama ngazi, lakini habari za kwao hakuzipenda sana. Ukimuuliza kama anapakumbuka alijibu kwamba baridi haikumbukwi. Hata hivyo nilikuja kugundua kwamba kila mji alioujenga aliuweka mlimani, ingawa mchezo wenyewe ulimpa uwanda, na ilimbidi ainue ardhi kidogo kidogo, siku nzima, kabla ya kuweka nyumba ya kwanza.

Sasa niseme habari ya kusubiri, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake halisi.

Palikuwa na muuza kanda, mwenye meza pembeni ya soko, aliyekwenda Kariakoo kila wiki kuchukua kanda za muziki na za filamu. Baadaye alianza kuleta na sidii za michezo ya kompyuta. Wateja wake wa michezo mwanzoni walikuwa watoto wa maofisa na Sekretari. Siku moja alimletea gazeti la kompyuta la ng'ambo, la zamani, lililokuwa limefungiwa glasi. Katika gazeti lile palikuwa na ukurasa mmoja wa rangi: bonde, mto, mlima nyuma yake, na mtu mmoja amesimama juu ya jabali akitazama chini kwenye vijiji. Chini paliandikwa kwamba mchezo huo unakuja. Maelezo yalisema utaweza kwenda popote, kuingia nyumba yoyote, kuongea na mtu yeyote.

Sekretari aliukata ukurasa ule, akaubandika ukutani, juu kidogo ya picha ya Mama Maria. Baadaye akaona haya, akaushusha chini yake.

"Lini?" alimuuliza muuza kanda.

"Wanasema mwaka huu, mama."

Mwaka ule ukapita. Kila aliporudi kutoka Dar, muuza kanda alisimama mlangoni kabla hata ya kwenda kwake kuoga, akatikisa kichwa: "Bado." Na Sekretari alijibu kwa upole, "Si kitu. Waache waive." Ajabu ni kwamba hakuonekana kuumia. Alikuwa na usemi wake: kinachokuja ni kizuri mpaka kifike. Aliusema kama mzaha, lakini nadhani aliuamini kama Kanuni ya Imani.

Katika kusubiri huko alianza kutusimulia mchezo ambao hakuna aliyeuona. Alisimulia zaidi siku za mgao wa umeme. Pangaboi lilinyamaza, kompyuta ikazimika, lakini yeye hakuondoka kitini. Aliendelea kukitazama kile kioo cheusi, mikono mapajani, na kusema: "Mnashuka pale kwenye jabali. Kushoto kuna njia ya mbuzi. Ukiifuata unakuta mwanamke anaanika mahindi. Unamsalimia. Anakuuliza unatoka wapi." Wateja waliokuja kuchapa walikaa kwenye benchi wakasikiliza. Mmoja, fundi bomba, aliuliza kama huko kuna mvua. Sekretari alifikiri. "Ipo," alisema. "Lakini inakupa nafasi ya kufika nyumbani." Mimi niliongeza mawingu, kwa sababu ya somo langu, nilimweleza yanavyopanda asubuhi na kushuka jioni, naye akayakubali. Umeme uliporudi watu walishtuka, kama walioamshwa.

Katika miaka hiyo hiyo mimi na Rehema tulipata mtoto, na tukampoteza kabla hajatimiza mwezi. Sitaeleza mengi. Matanga yalipokwisha na ndugu wakarudi makwao, Rehema alinyamaza. Hakuwa na hasira. Alipika, akafua, akaniwekea maji ya kuoga, lakini maneno yalikuwa yamemwisha. Alikaa kwenye kigoda uani akiutazama mlima. Nilimwongelesha mpaka nikaogopa sauti yangu mwenyewe. Majirani walikuja na pole zao, na kila pole ilimsogeza mbali zaidi.

Sekretari alikuja alasiri moja amefunga duka mapema, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Hakutoa pole. Alisimama uani, khanga mabegani.

"Rehema, mwanangu, nina shida," alisema. "Nataka kupitisha barabara, na siwezi kuamua peke yangu. Huyu Mwalimu wako anajua barabara za kwenye ramani tu. Njoo unitazamie."

Nilidhani Rehema hatainuka. Aliinuka, nadhani kwa sababu ya heshima tu, akamfuata. Nami nikafuata nyuma yao kama mtu anayefuata maji asijue yanakwenda wapi.

Alimketisha kwenye kiti chake mwenyewe, yeye akakaa kwenye stuli. Ikawa hivyo kila alasiri. Sekretari aliongea peke yake kwa sauti ya chini: hapa tuweke shule, hapa wanalalamika, hapa pamekauka. Rehema alitazama vile vinukta vikienda na kurudi. Nilikuwa naacha madaftari ya kusahihisha na kwenda kusimama mlangoni, nisiingie. Siku moja Sekretari alikuwa akiinyoosha ile barabara yake kuu, na katikati ya njia palikuwa na kijumba kimoja. Alipeleka kipanya juu yake ili akibomoe.

"Hapana," Rehema akasema.

Sekretari hakugeuka. Hata mimi nilimwona anavyojizuia asigeuke.

"Hapana nini?"

"Hapo usibomoe. Kuna mtu."

"Sasa barabara ipite wapi?"

Rehema akanyoosha mkono na kukichukua kipanya. "Izunguke," alisema.

Barabara ikazunguka. Nilitoka nje, nikaenda mpaka kwenye mtaro wa maji nyuma ya nyumba ile, nikalia hapo kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Niliporudi walikuwa wanabishana kama sokoni panahitajika choo. Sekretari hakuwahi kulitaja jambo lile, si kwangu wala kwa mke wangu, na nilipojaribu kumshukuru, siku nyingine, alinikata: "Mwalimu, ile barabara sasa imepinda, malori yanachelewa. Unanishukuru nini?"

Kwa hiyo mchezo uliokuwa unakuja ulipokaribia kweli, tulikuwa watu watatu tunaousubiri, wanne ukimhesabu muuza kanda, ambaye kwa wakati huo alikuwa amechoka kusema bado. Rehema alikuwa na mambo yake aliyotaka yawemo. Alitaka kila nyumba iwe na mlango wa uani, kwa sababu, alisema, mtu hawezi kuishi katika nyumba yenye mlango mmoja.

Ulifika. Muuza kanda alikuja anakimbia, kifurushi ndani ya shati. Kompyuta ikaukataa, ilikuwa ya zamani mno. Sekretari alitafuta fundi, kompyuta ikaongezewa kumbukumbu, ikaukataa tena, ikabadilishiwa kitu kingine, na siku hizo zote alivaa gauni lake la Jumapili kana kwamba mgeni angeweza kuingia wakati wowote. Hatimaye alasiri moja yenye manyunyu picha ikafunguka.

Lilikuwa lile bonde hasa. Lilikuwa zuri kuliko ukurasa wa ukutani. Mto ulimetameta, nyasi zilicheza na upepo. Rehema alishika kinywa chake. Sekretari akashuka kutoka kwenye jabali, akachukua njia ya kushoto, na kabla hajafika popote sauti ikalia, maandishi mekundu yakajaa kiooni, watu watatu wakatokea wakimpiga risasi. Akafa. Akaanza tena. Akapewa bunduki. Akakimbia nayo mpaka kijijini, akaenda kwenye nyumba ya kwanza, akabonyeza mlango. Haukufunguka. Akaenda wa pili, wa tatu. Alizunguka kijiji kizima kwa utulivu akibonyeza milango huku anapigwa risasi mgongoni.

Mwishowe akaachia kipanya.

"Imechorwa," alisema. "Wamechora milango. Hawakumchora mtu wa kuifungua."

Manyunyu yalikuwa yakigonga bati. Nilimtazama muuza kanda, akatazama chini, kana kwamba yeye ndiye aliyeichora.

Kuanzia hapo Sekretari alikuwa na hoja yake, na aliishikilia miaka yote iliyofuata: michezo inaharibika. Zamani, alisema, waliotengeneza hawakuwa na rangi wala sauti, kwa hiyo ilibidi waweke akili. Sasa wana rangi, wameona inatosha. Alibishana na kila mtu. Muuza kanda, ambaye alikuwa amepata fremu ya duka na kuanza kunenepa, ndiye aliyemjibu vizuri zaidi. Nayakumbuka majibizano yao kwa sababu yalifanyika mbele ya nusu ya mtaa, wao wawili wakila mahindi ya kuchoma mlangoni.

"Mama, michezo haijaharibika," alisema. "Ni wewe umekua. Mtu akikua, kila kitu cha zamani kinakuwa kitamu. Hata ugali wa mama yako."

"Mimi nimekua lini?" Sekretari akamuuliza. "Nimeanza kucheza nikiwa mtu mzima, nina meno ya dhahabu. Sina mchezo wa utotoni mimi. Utotoni nilikuwa nachuma njegere."

Watu wakacheka. Muuza kanda akakuna kichwa.

"Basi ni soko. Watu wanataka vita. Nikileta ule wako wa kujenga mji, haununuliwi. Soko huria, mama."

"Watu wanataka kinachowekwa mezani," alisema. "Weka vita peke yake, watataka vita."

"Na wewe wiki ijayo utaniuliza kuna nini kipya."

Sekretari alitafuna mahindi yake kwa muda mrefu. "Nitakuuliza," alisema. "Kwani kuuliza ni dhambi?"

Na hapo ndipo penye lile lisiloeleweka kwake, ambalo wengine walilicheka na mimi nililipenda. Hakuna aliyeamini kama yeye kwamba mambo yanazidi kuwa mabaya, na hakuna aliyengoja kesho kwa hamu kama yeye. Katika kiwanda chake walimwambia mambo yatakuwa mazuri, yakawa mabaya. Walipokifunga walimwambia ni kwa ajili ya mambo mazuri yajayo. Mtu mwingine angeacha kusikiliza. Yeye alisikiliza kila tangazo. Waliotengeneza mchezo wa bonde walipotangaza kwamba wanatengeneza mwingine, na kwamba safari hii watu watakuwemo majumbani, alilaumu kwa wiki nzima kwamba ni waongo, kisha akabandika picha yake ukutani.

Ule wa pili ulicheleweshwa kuliko wa kwanza. Katika kuchelewa huko dunia ilimpita. Vibanda vya intaneti vilifunguliwa kila kona, wanafunzi wa chuo wakawa na kompyuta zao, na watu wakaacha kuja kuchapiwa barua kwa sababu barua zenyewe zilikuwa zinakwisha. Halafu macho. Alianza kwa kulalamikia kioo, kwamba kimefubaa. Akabadilisha kioo. Akabadilisha miwani. Rehema ndiye aliyegundua, siku Sekretari alipoweka kisima katikati ya nyumba ya mtu na hakuona. Tulimpeleka hospitali, wakasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba upasuaji upo na si mkubwa. Alimshukuru daktari kwa adabu, akarudi, akafunga chumba chake, akagawa benchi na stuli, akapanda lori lililokwenda kubeba kabichi Mgeta. Alikwenda kuishi kwa mdogo wake, mjane mwenye bustani. Kompyuta alituachia sisi.

Miaka kadhaa tulipata habari zake kwa wachuuzi wa mboga. Hajambo. Anamenya njegere mlangoni. Hataki kusikia habari za hospitali.

Kisha muuza kanda akaja nyumbani kwetu, mzee sasa, na gari lake, akatoa kifurushi mfukoni. "Ule wa Sekretari umetoka," alisema.

Tulikuwa na kompyuta mpya wakati huo. Rehema aliucheza kwa wiki mbili, akinisimulia jioni. Ulimkasirisha. Milango ilifunguka, ndiyo, na watu walikuwemo, lakini kila aliyemo alikuwa na kazi ya kukutuma: niletee hiki, niulie yule, kimbia, muda unakwisha. "Kama ofisini," alisema. Tukaamua twende Mgeta tumwambie wenyewe.

Tulipandia gari Sangasanga, njia panda ya kwenda Mgeta, asubuhi, pamoja na matenga matupu ya nyanya. Barabara ile inapanda ikijikunja mpaka masikio yanaziba, na tulipokaribia juu tuliingia ndani ya mawingu, hatukuona tena kitu isipokuwa ukingo wa barabara na, mara moja moja, mtu aliyejitokeza na mzigo kichwani, akatusalimia, akapotea.

Mdogo wake alitupokea njiani, kabla ya nyumba. Alitushika mikono.

"Mwambieni huo mchezo wenu ni mzuri," alinong'ona. "Mwambieni mzuri sana, mzuri ajabu. Labda atashuka akatengenezwe macho. Mimi nimeshindwa. Sasa hawezi hata kwenda chooni bila kushikwa."

Tukaahidi. Sekretari alikuwa ameketi barazani, sinia mapajani, vidole vyake vikipasua maganda ya njegere kwa kasi ile ile aliyochapia mitihani yangu. Alikuwa amekonda. Alizijua hatua za Rehema kabla hatujabisha hodi, akamvuta, akampapasa uso.

Baada ya chai nilimgusia hospitali. Akaendelea kumenya.

"Mwalimu, sasa hivi naona ukungu," alisema. "Ukungu naujua, nimezaliwa ndani yake. Wakinikata halafu nisiuone hata ukungu?"

Mdogo wake alikohoa na kumtazama Rehema. Rehema akasema, "Mama, umetoka."

Vidole vikasimama.

"Ni mzuri?"

Nilimtazama mke wangu. Niliuona uongo wetu umemfika mdomoni, umejipanga vizuri. Kisha nikaona anaumeza.

"Mbaya," alisema Rehema. "Mbaya sana, mama. Wameuharibu."

Mdogo wake alifunga macho. Lakini Sekretari alikuwa ameweka sinia chini.

"Mbaya namna gani?"

"Wanakutuma. Ukiingia nyumba ya mtu hujakaa, ameshakutuma."

"Na ukikataa?"

"Sijakataa."

"Hukukataa? Ukimwacha akaongea weee ukatoka zako, anafanya nini?"

"Sijui, mama."

"Hujui. Mlima unapandika?"

"Sijajaribu."

"Wiki mbili hujajaribu mlima!" Sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya mabishano ya mlangoni, siku ya mahindi. "Sasa mmekuja mpaka huku kuniambia ni mbaya, na hamkupanda hata mlima?"

Walibishana mpaka mawingu yalipoinuka tukaona mabonde yote, matuta ya kabichi yakishuka ngazi baada ya ngazi. Aliuliza, Rehema akashindwa kujibu, akauliza tena. Mwishoni alisimama, akashika nguzo ya baraza.

"Nyie hamjui kutazama," alisema. "Lori linaondoka saa ngapi?"

Alishuka nasi siku ile ile, kiti cha mbele, ameshika rozari kwa mkono mmoja na mkono wa Rehema kwa mwingine. Hospitalini aliomba waanze na jicho la kushoto, kwa sababu la kulia, alisema, lilikuwa limekwisha kuona mengi. Siku walipofungua bendeji aliangalia ukuta, akaangalia mikono yake mwenyewe, akasema tu kwamba amezeeka.

Tukampeleka nyumbani kwetu. Daktari alikuwa amemkataza kukaza macho, kwa hiyo alisubiri mpaka zikapita siku alizoambiwa, akihesabu kwa sauti, kisha alasiri moja akajifunga khanga mabegani na kuketi. Rehema akamwashia, akasimama kando yake kumwonyesha wapi pa kwenda na nani wa kumwona kwanza. Sekretari hakwenda. Mtu wake alisimama mwanzoni kabisa mwa mchezo, pale ambapo kila mchezaji hukimbia, na yeye akawa anageuka tu, polepole, anatazama. Jua la kiooni lilikuwa linachomoza. Nyuma ya boma moja alitokea mbuzi mweupe, mdogo, asiye na kazi yoyote katika mchezo ule, akaanza kwenda zake. Sekretari akamfuata. Mbuzi akapita katikati ya mahindi, akasimama, akatafuna, akateremka bondeni. Watu waliita kutoka majumbani kwamba wana kazi ya kumpa, hakugeuka. Mbuzi akafika mtoni, akainama, akanywa, na picha yake ikavunjikavunjika majini.

Rehema alikuwa ameinama mpaka karibu na kioo. Alikuwa amecheza wiki mbili.

"Mbona mimi sikumwona?" alisema.

Machozi yalikuwa yakimtoka Sekretari kwenye jicho lile jipya, ambalo alikatazwa kulitoa machozi, na hakuyafuta kwa sababu mkono ulikuwa na kazi.

"Michezo inaharibika," alisema. "Sogea kidogo, mwanangu, unanizibia mbuzi."